Jinsi ya kufuatilia nasaba ya familia ya Marafiki waliohamia Marekani enzi za ukoloni

Maswali ni yale yale. "Nimeliona jina la babu wa mume wangu kwenye daftari la Pennsylvania la mwaka 1720, sasa nianzie wapi?" "Mbona hakuna cheti cha ubatizo hata kimoja?" "Kila tovuti inatoa tarehe yake ya harusi, nishike ipi?" Wanaouliza ni Watanzania na Wakenya waliooa au kuolewa Marekani, ambao watoto wao wana upande mmoja wa ukoo uliotokea Pennsylvania au North Carolina. Wengine ni Marafiki, yaani Wakwekeri, dhehebu la Kikristo, wa Vihiga, Kakamega na Burundi wanaotaka kujua kina Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, walitokana na jamii ya watu gani huko kwao. Nimeona ni heri niyaweke majibu mahali pamoja.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Kwa Marafiki unafuata mkutano, yaani usharika wa mtu, hufuati jina. Jina la ukoo liliandikwa kwa tahajia tatu au nne, na kila kizazi kilirudia George, John, Mary na Sarah mpaka mtu unachanganyikiwa. Lakini mkutano aliokuwamo mtu uliandika kuzaliwa kwake, ukaandika ndoa yake, ukampa barua alipohama, ukamkemea alipokosea, na mara nyingi ukaandika alivyozikwa. Ukishajua alikuwa wa mkutano upi, nusu ya kazi umeimaliza.

Nitatumia mfano wa familia moja mpaka mwisho: George Boone, mfumaji wa Bradninch katika jimbo la Devon, Uingereza, na mkewe Mary Maugridge. Waliondoka kwao tarehe 17 Agosti 1717 na kufika Philadelphia tarehe 29 Septemba mwaka huo huo, kwa kalenda ya zamani (nitaieleza katika Hatua ya 3). Watoto wao watatu wakubwa, George, Sarah na Squire, walikuwa wametangulia miaka michache kabla. Nimewachagua kwa sababu mjukuu wao Daniel Boone alikuja kuwa maarufu kwa safari zake za Kentucky, kwa hiyo kumbukumbu zao zimesomwa na wengi na wewe unaweza kuzifanyia mazoezi kabla hujaingia kwenye familia yako.

Machache ya kujua kwanza

Marafiki walianza Uingereza katika miaka ya 1650, kwa mahubiri ya George Fox. Hawabatizi kwa maji, kwa hiyo usitafute ubatizo, tafuta kuzaliwa. Zama hizo hawakuwa na padri wa kufungisha ndoa, na hawaapi mahakamani. Sheria ya mwaka 1662 iliifanya mikutano yao kuwa kosa, na maelfu walitiwa gerezani. Mwaka 1681 Mfalme Charles II alimpa William Penn, naye ni Rafiki, eneo kubwa lililoitwa Pennsylvania, na kuanzia 1682 meli zikaanza kumiminika. Kina Boone walifika kwa kuchelewa, wakati mateso makali yalishapita tangu sheria ya uvumilivu ya 1689.

Utawala wao ulikuwa wa ngazi. Chini kabisa ni mkutano wa ibada. Juu yake Mkutano wa Mwezi, kisha wa Robo Mwaka, kisha wa Mwaka. Msomaji wa Vihiga hapa hahitaji maelezo, ngazi hizo bado anaishi nazo. Kinachokuhusu wewe mtafiti ni Mkutano wa Mwezi, maana huo ndio uliotunza vitabu.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Majina, mahali na miaka ya vizazi vya karibu, kadiri mnavyovijua nyumbani.
- Daftari au lahajedwali yenye safu hizi: jina kama lilivyoandikwa, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe uliyotafsiri, mkutano, kitabu na ukurasa.
- Ramani ya zamani ya eneo husika, yenye mipaka ya kaunti ya wakati ule.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya nasaba iliyo bure. Ancestry hulipiwa, ila ndiyo yenye picha nyingi za vitabu vya mikutano. Ukiwa Marekani, uliza maktaba ya umma ya mtaani kwako, nyingi hukuruhusu kuitumia humo ndani bila malipo.
- Subira ya kusoma mwandiko wa mkono wa karne ya 18. Herufi s ndefu inafanana na f, na maneno mengi yamekatwa.

Hatua ya 1. Anza na unayemjua, rudi nyuma

Usianze na George Boone wa 1717 ukashuka kumtafuta mkeo. Anza na mkeo, kisha panda kizazi kimoja kimoja, na kila kiungo kiwe na karatasi yake: cheti cha kuzaliwa, sensa, wosia. Wengi huruka hatua hii kwa sababu wamekuta mti wa ukoo uliokwisha kuchorwa mtandaoni. Mti wa mtu mwingine ni dokezo tu, haujawa ushahidi mpaka uone karatasi iliyo nyuma yake.

Hatua ya 2. Tambua Mkutano wa Mwezi

Ukishafika kwa mtu unayeshuku alikuwa Rafiki, uliza: aliishi wapi, na mkutano gani ulikuwa karibu mwaka ule? Mikutano iligawanyika kadiri watu walivyoongezeka, kwa hiyo familia inaweza kukaa shamba lile lile na bado ikabadilisha mkutano.

Kina Boone ni mfano mzuri. Baada ya kufika, kumbukumbu zao ziko katika mkutano wa Gwynedd, ambao Marafiki kutoka Wales waliuanzisha mwishoni mwa karne ya 17. George alipata ekari 400 huko Oley mwaka 1718, mbali zaidi kuelekea bara. Mwaka 1737 Marafiki wa Oley walipewa Mkutano wa Mwezi wao wenyewe, ambao baadaye uliitwa Exeter, jina la mji wa kule Devon walikotoka. Kwa hiyo anayetafuta kina Boone kwenye vitabu vya Exeter vya 1720 hatapata kitu, na anayewatafuta Gwynedd mwaka 1745 hatapata kitu pia, ingawa watu hawakuhama.

Onyo: kitabu kikubwa cha William Wade Hinshaw cha kumbukumbu za mikutano ya Marafiki wa Marekani, kilichochapishwa kwa juzuu 6 kuanzia 1936, ndicho kila mtu atakachokuelekeza. Ni kazi ya thamani kubwa. Lakini juzuu yake ya Pennsylvania na New Jersey imeshughulikia mikutano minne tu: Philadelphia, Falls, Burlington na Salem. Gwynedd na Exeter hazimo. Usihitimishe kwamba familia yako haikuwa ya Marafiki kwa sababu Hinshaw hakuitaja.

Hatua ya 3. Jifunze kalenda kabla hujaandika tarehe yoyote

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na nakuomba usipite haraka.

Marafiki hawakutumia majina ya miezi na ya siku yaliyotokana na miungu ya kipagani. Walitumia namba: siku ya kwanza, mwezi wa saba. Tatizo ni kwamba mpaka mwisho wa 1751, kwa Waingereza mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Hesabu ndiyo hii:

- mwezi wa 1 ni Machi
- mwezi wa 2 ni Aprili
- mwezi wa 3 ni Mei
- mwezi wa 4 ni Juni
- mwezi wa 5 ni Julai
- mwezi wa 6 ni Agosti
- mwezi wa 7 ni Septemba
- mwezi wa 8 ni Oktoba
- mwezi wa 9 ni Novemba
- mwezi wa 10 ni Desemba
- mwezi wa 11 ni Januari
- mwezi wa 12 ni Februari

Sisi hili lisitupe taabu. Tumezoea kusema saa moja asubuhi huku simu ikionyesha 7:00, na hatukosi basi. Ni hesabu ile ile ya kujua mwenzako anaanzia wapi.

Sasa angalia linavyofanya kazi. Cheti cha ndoa ya Squire Boone na Sarah Morgan, binti wa Edward Morgan wa Gwynedd, kina tarehe ya siku ya 23 ya mwezi wa saba, 1720. Vitabu na tovuti nyingi vimeandika 23 Julai 1720. Si kweli. Ni 23 Septemba. Hao ndio wazazi wa Daniel Boone, watu walioandikwa mara nyingi kuliko Marafiki karibu wote wa Pennsylvania, na bado kosa linanakiliwa.

Chukua na hili. Barua ya George Boone kutoka Uingereza ilisomwa katika mkutano wa Gwynedd tarehe 31 ya mwezi wa nane, 1717. Ukiandika 31 Agosti, barua imesomwa Pennsylvania mwezi mzima kabla mwenyewe hajashuka melini. Ukiandika 31 Oktoba, kila kitu kinakaa mahali pake. Tumia ukaguzi wa namna hii kila mara: panga matukio kwa mfululizo, uone kama kuna mtu ameoa kabla ya kufika au mtoto amezaliwa miezi minne baada ya ndugu yake.

Jambo la pili ni mwaka. Mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi vilihesabiwa katika mwaka uliotangulia. Ndiyo maana kifo cha Mary Maugridge Boone kimeandikwa 2 Februari 1740/41: kwao ulikuwa bado 1740, kwetu ni 1741. Usifute mkwaju huo (/). Ukiandika 1740 peke yake, anayekuja nyuma yako atakosea mwaka mzima.

Jambo la tatu ni siku 11 zilizorukwa mwaka 1752, tarehe 2 Septemba ilipofuatwa na 14 Septemba. Daniel Boone alizaliwa 22 Oktoba 1734 kwa kalenda ya zamani, ambayo ni 2 Novemba kwa kalenda mpya, na utazikuta tarehe zote mbili. Ushauri wangu: usijumlishe siku 11. Andika tarehe kama ilivyo, weka alama kuwa ni kalenda ya zamani, basi. Kuanzia 1752 mwezi wa kwanza wa Marafiki ni Januari na huna haja ya kugeuza.

Hatua ya 4. Itafute barua ya utambulisho

Rafiki alipohama aliomba barua kwa mkutano wake. Barua ilieleza kwamba ni mtu wa mwenendo mwema, hana deni, na kama ni kijana, kwamba hana ahadi ya ndoa na mtu mwingine. Alipofika aliiwasilisha kwa mkutano mpya, ikasomwa, ikaandikwa. Maana yake tukio moja la kuhama linaweza kuwa na alama mbili: moja alikotoka, nyingine alikofika. Zitafute zote.

Muhtasari wa vikao vya Gwynedd unasema George Boone alileta barua ya maisha yake mema kutoka Mkutano wa Mwezi wa Callumpton, Uingereza, ikasomwa na kupokelewa vizuri. Isome sentensi hiyo taratibu. Callumpton ni Cullompton, mji mdogo wa Devon karibu na Bradninch. Kwa mstari mmoja umepata jina, mwezi, mkutano wa Marekani, mkutano wa Uingereza, na umejua kitabu gani cha kufungua ukivuka bahari. Hakuna hati nyingine ya wakati ule inayokupa mengi kiasi hicho kwa maneno machache kama hayo.

Ndiyo maana nawaambia watu waache kuhangaika na orodha za abiria. Wahamiaji waliotoka Uingereza kwenda Pennsylvania hawakuwa na utaratibu wa orodha. Orodha za bandari ya Philadelphia zilizoanza 1727 ni za wageni, hasa Wajerumani. Hata meli ya Welcome iliyomleta Penn mwaka 1682 haina orodha rasmi iliyobaki, na majina yanayotajwa yamekusanywa baadaye kwa kukisia kutoka hati nyingine. Mtu akikuambia babu yake alikuja na Penn, muulize kwa upole barua yake iko mkutano gani.

Onyo: tarehe ya barua kuandikwa na tarehe ya barua kupokelewa ni mbili tofauti, na zinaweza kupishana kwa miezi au hata zaidi. Hakuna kati yake iliyo tarehe ya safari.

Hatua ya 5. Soma ndoa yote, usiishie kwa bwana na bibi harusi

Ndoa ya Marafiki ilipita mlango mrefu. Kijana na msichana walisimama mbele ya Mkutano wa Mwezi na kutangaza nia yao. Watu wakateuliwa kuchunguza kama wako huru na kama wazazi wameridhia. Mwezi uliofuata wakasimama tena na kuruhusiwa. Kisha wakaoana katika mkutano wa ibada, kila mmoja akitamka ahadi yake mwenyewe bila padri, na cheti kikasomwa na kutiwa saini.

Kwa hiyo katika muhtasari utakuta tarehe mbili, ya nia ya kwanza na ya pili, na hakuna kati ya hizo iliyo siku ya harusi. Siku ya harusi iko kwenye cheti, au kwenye taarifa ya mwezi uliofuata kwamba ndoa ilifanyika kwa utaratibu.

Cheti chenyewe ni hazina. Juu kuna maelezo: fulani mwana wa fulani wa mahali fulani, mara nyingi na kazi ya baba, na kama mzazi amefariki hilo nalo husemwa. Chini kuna saini za waliohudhuria, watoto na watu wazima, wakati mwingine kurasa mbili. Tazama upande wa kulia, chini kidogo ya majina ya maharusi: kwa kawaida hapo ndipo ndugu wa damu walipotia saini. Ukikuta jina usilolijua katika safu hiyo, hilo ndilo la kulifuatilia kwanza. Shemeji, mama wa kambo, shangazi aliyeolewa na kubadilisha jina, wote hujitokeza hapo.

Nakili majina yote, hata yasiyokuhusu leo. Kitabu cha mkutano ni nakala iliyoandikwa na karani kutoka cheti cha awali, na makarani wengine walikata orodha, kwa hiyo ukikuta nakala mbili zilinganishe.

Hatua ya 6. Ingia kwenye vitabu vya nidhamu

Wengi wanaona haya kusoma makosa ya wazee. Usione haya. Familia iliyokuwa kimya miaka 10 hujitokeza ghafla hapa ikiwa na majina, sababu na tarehe.

Kosa lililojaa vitabu ni kuoa nje, yaani kuoa asiye Rafiki au kuoa bila kupita utaratibu. Mwaka 1720 George Boone mwenyewe alikiri mbele ya mkutano wa Gwynedd kwamba alifanya haraka kumruhusu John Webb kumchumbia binti yake kinyume cha utaratibu. Mstari huo unatupa baba, binti na mkwe kwa pamoja. Mwaka 1742 ilikuwa zamu ya Squire: binti yake Sarah aliolewa na mtu wa nje, John Willcockson, naye Squire akaomba radhi. Mwanawe Israel alipooa nje miaka michache baadaye, Squire alikataa kuomba radhi, na mwaka 1748 mkutano wa Exeter ukamtenga. Mwaka 1750 familia ikahamia bonde la mto Yadkin, North Carolina.

Aliyetengwa aliruhusiwa kuja kuabudu, ila hakushiriki vikao vya shughuli wala hakupewa barua ya kuhama. Hapo ndipo njia ya karatasi inapokatika, na ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu.

Soma vitabu vya wanaume na vya wanawake. Wanawake walikuwa na mkutano wao wa shughuli na vitabu vyao. Kesi ya binti huanzia huko, na maelezo yake huko ni marefu zaidi. Watafiti wengi hawavifungui kabisa, na wanapoteza nusu ya familia.

Ukitumia kitabu cha Hinshaw utakutana na vifupisho. Vinavyorudi sana ni hivi: *rocf* amepokelewa kwa barua kutoka mahali fulani, *gct* amepewa barua kwenda mahali fulani, *mou* ameoa nje ya umoja, *mcd* ameoa kinyume cha nidhamu, *con* amekiri na kulaani kosa lake, *dis* ametengwa. Ukiona *con* baada ya *mou*, mtu huyo alibaki ndani, endelea kumtafuta kwenye vitabu.

Hatua ya 7. Toka nje ya mkutano

Wosia na hati za ardhi zinajaza mapengo. Zingatia mipaka. Kaunti ya Berks, lilipo eneo la Exeter, iliundwa mwaka 1752. Kabla ya hapo Oley ilikuwa chini ya Kaunti ya Philadelphia, kwa hiyo mirathi na hati za ardhi za miaka ya George Boone tafuta Philadelphia. Katika hati za mahakama tazama kama shahidi ameapa au amethibitisha. Anayethibitisha bila kuapa huenda ni Rafiki.

Makaburi hayatakusaidia sana. Marafiki wa zamani waliona jiwe lenye jina kuwa majivuno, na George na Mary Boone wamelala Exeter bila jiwe la kuwatambulisha. Squire aliyetengwa ndiye mwenye jiwe, katika makaburi ya Joppa huko Mocksville, North Carolina, likiwa na mwaka wa kifo chake, 1765, na tahajia ya fundi aliyeandika kama alivyosikia.

Tafuta pia kumbukumbu za familia yenyewe. Kina Boone waliandika zao katika karne ya 18, na humo imo habari kwamba George alipofariki tarehe 27 Julai 1744, mwenye miaka 78, aliacha watoto 8, wajukuu 52 na vitukuu 10. Jumla 70, na mwandishi akaongeza kwamba ndiyo idadi ya watu wa nyumba ya Yakobo walioingia Misri. Hati kama hizi zina tarehe nzuri sana, lakini zipime kwa vitabu vya mkutano.

Na kama ukoo unaoutafuta ni wa Wamarekani weusi waliokuwa utumwani katika nyumba za Marafiki, usiache hati za kuwaacha huru. Marafiki wa Germantown walipinga utumwa kwa maandishi mwaka 1688, lakini wenzao wengi waliendelea kumiliki watu. Ni mwaka 1776 ndipo Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipoamua kumtenga kila anayemiliki mtu. Katika miaka hiyo mikutano ilikusanya hati za uhuru zenye majina, na mara nyingi umri, wa watu ambao maandishi mengine ya wakati huo hayawataji hata kwa jina.

Hatua ya 8. Vuka bahari

Ukishakuwa na jina la mkutano wa Uingereza, na kabla ya hapo usijaribu, tafuta vitabu vyake. Kuanzia 1840 Marafiki wa Uingereza walikabidhi madaftari yao ya kuzaliwa, ndoa na mazishi kwa serikali. Leo yako katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, chini ya namba RG 6. Kabla ya kuyatoa walitengeneza muhtasari wake kwa alfabeti, na huo uko katika maktaba ya Marafiki, London. Anza na muhtasari, kisha fungua daftari lenyewe.

Kizazi cha kwanza walijiunga wakiwa watu wazima. Maana yake babu aliyezaliwa katika miaka ya 1660 anaweza kuwa amebatizwa katika kanisa la parokia, huku watoto wake wakiandikwa na Marafiki. Ukikosa upande mmoja, jaribu mwingine.

Ukikwama

*Hakuna barua ya kufika.* Angalia kwanza kitabu cha wanawake, kisha mikutano jirani. Kama bado, fikiria kwamba alijiunga akiwa tayari Marekani. Katika hali hiyo muhtasari utakuwa na ombi lake la kupokelewa.

*Familia imetoweka ghafla.* Mambo matatu ya kukagua, kwa mpangilio huu: je, mkutano mpya uliundwa karibu na shamba lao? Je, kuna aliyetengwa? Je, walipewa barua kwenda Virginia au Carolina? Familia nyingi za Pennsylvania zilielekea kusini katikati ya karne ya 18, na kumbukumbu za mikutano ya North Carolina ziko Chuo cha Guilford, Greensboro.

*Watu wawili wenye jina moja.* Watenganishe kwa mkutano, mke na kazi, usiwatenganishe kwa umri uliokisia. Anne Boone, mjukuu wa George, aliolewa na Abraham Lincoln mwaka 1760, na mkutano ukamkemea kwa kuolewa na asiye Rafiki. Huyo si rais, ambaye alizaliwa 1809. Ni wa ukoo ule ule wa Lincoln, kizazi cha mbali nyuma. Tovuti chungu nzima zimewachanganya.

*Mtoto mmoja ana tarehe mbili za kuzaliwa.* Zikipishana miezi miwili kamili, mtu aligeuza mwezi vibaya. Zikipishana siku 11, mtu alibadilisha kalenda. Zikipishana mwaka mmoja na mwezi ni Januari, Februari au Machi, ni suala la 25 Machi. Zikipishana kwa namna nyingine, huenda ni watoto wawili: mtoto akifa mchanga, jina lake alipewa anayefuata.

*Vitabu vya mkutano vinaonekana vipo mahali pawili.* Mwaka 1827 Marafiki wa Philadelphia waligawanyika, upande wa wafuasi wa mhubiri Elias Hicks na upande wa Orthodox, na vitabu vya zamani vikabaki kwa upande mmoja au mwingine. Leo maktaba za Chuo cha Swarthmore na Chuo cha Haverford, zote karibu na Philadelphia, ndizo zinazovitunza. Tafuta zote mbili kabla ya kusema kitabu kimepotea.

*Picha ya ukurasa haisomeki.* Waandikie watunzaji wa maktaba hizo. Taja mkutano, aina ya kitabu, kama ni cha wanaume au cha wanawake, mwezi na mwaka kama vilivyoandikwa, na jina moja tu unalolitafuta. Barua inayosema "naomba kila kitu kuhusu ukoo wa Boone" haijibiki. Inayosema "naomba muhtasari wa wanaume wa Gwynedd, siku ya 31 ya mwezi wa nane, 1717" mtunzaji anajua moja kwa moja rafu ya kwenda.